Sauti Iliponikatikia Kakuma

Alhamisi, Lodwar. Jioni.

Upepo umeshinda ukivuma, ule wa kuleta mchanga hadi ndani ya sufuria. Nimefagia veranda na bado nikikanyaga nasikia mchanga chini ya nyayo. Jua linaelekea kuzama lakini joto halina habari. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji, simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja.

Nimechoka. Nimetoka Kakuma mchana huu, na safari ndiyo sehemu ndogo ya uchovu wenyewe.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa chuo aliniandikia hapa chini ya shajara yangu ya mtandaoni. Alikuwa amesoma nilipoeleza kazi nilizowahi kufanya, akasema anataka maisha kama yangu, aanzie wapi? Nilitaka kumjibu kwa maneno ya kutia moyo. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Mwishowe nikaenda kuanua nguo.

Leo najaribu, dada yangu. Nivumilie, nitazunguka.

Nilianza kule Lokori, mwalimu asiye na cheti, nimemaliza kidato cha nne juzijuzi. Watoto walikuja uji ukikaribia kuiva na kutoweka uji ukiisha, kwa hiyo nilijifunza kufundisha sufuria ikiwa bado motoni. Baadaye nikaenda Eliye Springs kupokea wageni kwenye nyumba za kulala kando ya ziwa. Huko ndiko Kiingereza changu kilipoota miguu. Wageni waliuliza kama mamba huja hadi mlangoni, kama upepo huwa unapumzika. Nisichokijua nilimuuliza mpishi, naye alijibu kwa uhakika mkubwa hata kama hajui.

Kisha Kakuma, mkalimani wa kliniki katika kambi ya wakimbizi. Kisha redio hapa Lodwar, ambako nipo mpaka leo: matangazo ya vifo, habari za mvua, ngamia waliopotea. Watu wengi huku hawaijui sura yangu. Lakini nikiingia dukani nikasalimu tu "ejok", vichwa vinageuka. "Ni Akai! Akai wa redio!"

Kazi zilikuwa nyingi, ila aliyezifanya zote ni mmoja. Koo langu.

Na ziliniridhisha. Sitaki kudanganya kwa sababu leo nimechoka. Siku moja alikuja mzee studio, ametembea kutoka mbali, na kibuyu cha maziwa begani. Ngamia wake alipatikana kwa sababu nilitangaza alama ya sikio lake. Alikataa kuingia mpaka niseme kitu, ahakikishe ndimi. Nikamtangazia ngamia wake upya, pale mlangoni, kwa sauti ile ya redio. Akacheka mpaka akakaa chini.

Zipo pia siku nyingine. Kliniki, daktari anazungumza Kiingereza polepole, macho mezani. Mama wa mtoto ananitazama mimi. Kwa muda mfupi sana, katika chumba kile, mimi ndiye ninayejua kwamba mtoto amekwisha kufa na kwamba mama yake bado hajui. Halafu inanibidi nifungue mdomo.

Habari ngapi za namna hiyo zimepita kwenye koo hili kabla ya kufika kwa wenyewe? Mtu akikuambia kazi ya mkalimani ni kupitisha tu, muulize kama amewahi kupitisha kaa la moto.

Tangu mvua zilizopita sauti yangu imekuwa ikikwaruza. Nilidhani ni vumbi. Nilikunywa tangawizi, asali, ndimu, na kila dawa niliyopewa na kila mtu aliyenihurumia. Mwishowe nikaenda kwa daktari wa koo Eldoret. Akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti. Viondolewe, kisha ninyamaze wiki kadhaa. Kunyamaza kabisa, hata kunong'ona marufuku. Nikamuuliza kama sauti itarudi ileile. Akasema mara nyingi hurudi, ila hawezi kuniahidi itarudi vipi.

Nikamshukuru, nikarudi Lodwar, nikaendelea kuongea.

Sababu sikukosa. Redioni hakukuwa na wa kunishikia kipindi. Kulikuwa na harusi ya binamu niliyoahidi kuwa msema chochote. Binti yangu Nakiru, anayefanya kazi ya uhasibu huko huko Eldoret, alikuwa ananiuliza kila wiki, "Mama, lini?" Siku hizi ameacha kuuliza, na hilo linaniuma kuliko alipokuwa akiuliza.

Ukweli ni kwamba naogopa. Mtu aliyeishi kwa mdomo, akifungwa mdomo, anabaki nini?

Juzi chifu alinipigia kutoka Kakuma. Kulikuwa na ugomvi kwenye bomba la maji. Pampu ya kisima cha wenyeji iliharibika, kwa hiyo kina mama wa Kiturkana walikuwa wanakwenda kuteka kambini. Foleni ikawa ndefu, maneno yakaanza, mitungi ikapigwa teke. Mwanamke mmoja wa Sudan Kusini, anaitwa Achol, akaokota jiwe akalitupa. Likampata msichana wa Kiturkana, Atabo, juu ya jicho.

Tangu siku hiyo kina mama wa Kiturkana walikuwa wamekataa kupeleka kuni na maziwa kambini. Vijana wa pande zote walikuwa wameanza kukaa kwa makundi barabarani, wakitazamana. Chifu aliitisha kikao. Alitaka mkalimani ambaye pande zote mbili zinamjua.

Nilipaswa kukataa. Sauti yangu ilikuwa imebaki kama mlango mkavu. Lakini chifu aliposema, "Wewe ndiye wanayemwamini," nikajikuta nasema ndiyo kabla hajamaliza.

Kujua kwamba unahitajika ni kitu kitamu sana. Nimekuwa nikikila miaka mingi.

Basi leo alfajiri nikapata nafasi kwenye gari la kaunti lililokuwa likipeleka dawa za mifugo. Njia nzima nilinyamaza, nikiweka akiba. Dereva akadhani nina kiburi.

Kikao kilikuwa kwenye banda la mabati karibu na bomba lenyewe. Waturkana upande huu, wakimbizi upande ule, katikati uwanja wa vumbi. Atabo alikuwa amekaa mbele, bandeji imefunika nusu ya uso. Kando yake bibi yake anayemlea, Mama Lopeyok, shanga zimepanda hadi kidevuni, mgongo umenyooka. Ng'ambo yao Achol, kitenge kichwani, macho chini. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia. Nyuma ya kila upande, wakiwa wamesimama, wale vijana.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Chifu akasalimu, mchungaji akaomba, nikatafsiri. Sauti ilikwaruza lakini ilitoka. Nyandeng aliniletea kikombe cha maji ya moto bila kuombwa. Nyandeng namjua tangu siku za kliniki. Ana hoteli ya chai pale sokoni, ni mtu wa Bor, Sudan Kusini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Waturkana na Wasudan wote hunywa chai kwake, naye huwagombeza wote sawasawa.

Kisha Mama Lopeyok akasimama.

Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiturkana, polepole, akimtazama Achol. Alisema watu wamemshauri adai mbuzi, na yeye hakuja kwa ajili ya mbuzi. Alisema kila asubuhi yeye ndiye anayefungua bandeji, yeye ndiye anayesikia mtoto akilia. Akasema neno lake la mwisho, akanigeukia, akangoja.

Nikavuta pumzi. Nikasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Mama anasema hataki mbuzi. Mama anasema anataka jicho..."

Hapo ndipo sauti ikakatika.

Haikukwaruza wala kupungua. Ilitoweka, kama taa ya stima ikizimika. Nilifungua mdomo, nikasukuma, hewa tu ikatoka. Nikajaribu tena. Hewa.

Nikaona maneno yangu yakitembea upande wa pili, kutoka mtu hadi mtu, kwa Kidinka, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiswahili cha Wakongo waliokuja kutazama. Anataka jicho. Anataka jicho la Achol. Achol akainua kichwa mara ya kwanza, akaweka viganja vyote viwili usoni. Vijana wa upande wake wakasogea mbele. Vijana wetu wa Kiturkana walipoona wale wamesogea, nao wakasogea. Chifu akapiga meza, hakuna aliyemsikia.

Nami nimesimama katikati, napunga mikono kama mtu anayefukuza kunguru, na sentensi yenyewe iko kamili kifuani mwangu. Sijawahi kuogopa hivyo kazini. Hata kule kliniki sijawahi.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya Nyandeng. "Kaeni chini nyinyi! Hiyo maneno haijaisha!"

Alikuja mpaka katikati, birika bado mkononi. Akanitazama, nikaonyesha koo langu. Akalitua birika chini.

"Mimi nimesikia mama amesema nini," akasema. "Kiturkana nasikia. Miaka yote nawauzia chai, nitakosa kusikia?"

Kijana mmoja wa upande wetu akadakia, "Huyu ni wa kwao! Atageuza!"

Mama Lopeyok akainua fimbo yake ndogo. Akasema kwa Kiswahili, cha kuokoteza, "Wacha yeye aseme. Mimi Kiswahili nasikia, kutoka tu ndio hakuna. Akiharibu, nitajua."

Nyandeng akawageukia watu wake.

"Mama anasema hivi. Hataki mbuzi. Anataka hii jicho ya mtoto ioshwe na ile mkono ilirusha jiwe. Kila asubuhi. Achol aende kwake, afungue bandeji, aoshe, aone vile yeye anaona. Hiyo tu."

Akairudia kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kidinka. Akamtazama Mama Lopeyok. Yule mama akatikisa kichwa kukubali.

Nitasema jambo ambalo si zuri. Watu walipoanza kukaa chini, kabla sijapata faraja, kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu. Ile ilikuwa nafasi yangu. Wivu haukukaa, lakini ulikuja, nami niliuona ukija.

Nikaenda kukaa kwenye benchi.

Achol aliinuka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuwafukuza tu, hakulenga mtu, tena mtoto. Kisha akauliza, na Nyandeng akatafsiri bila kupunguza, "Na kama watu wa huko watanipiga?"

Upande wetu wengine walinuna. Mama Lopeyok hakununa. "Kwangu mgeni hapigwi," akasema. "Atachoka tu na kutembea."

Mtu mmoja akacheka, sijui wa upande gani. Wengine wakafuata.

Halafu Mama Lopeyok akasema Achol atakuja mpaka kidonda kifunge na kubaki kovu. Hapo Nyandeng akakwama. Kovu hakulijua kwa Kiswahili wala hakukumbuka jina lake kwa lugha yake. Akanigeukia. Nikainua sketi kidogo, nikamwonyesha goti langu, alama ya kuanguka nilikoanguka nikiwa mwalimu Lokori. "Ah!" akasema, na neno likamjia. Hiyo ndiyo kazi yangu yote niliyofanya kuanzia hapo mpaka kikao kuisha: goti.

Ila nilisikiliza. Miaka yote hii, maneno yakiingia sikioni mwangu tayari natafuta mengine ya kuyatoa. Leo yaliingia yakakaa. Niliona jinsi Atabo alivyokuwa ameshika ncha ya shanga za bibi yake wakati wote. Niliona Achol akimtazama yule mtoto kwa wizi, akiangalia kando, akimtazama tena. Kama ningekuwa natafsiri nisingeona.

Kikao kilipovunjika Mama Lopeyok alianza kwenda zake, mtoto kamshika mkono. Achol alisimama pale bomba, akajaza mtungi mdogo, akaweka kichwani, akawafuata. Alibaki nyuma kidogo. Mama Lopeyok hakugeuka kumtazama, lakini alipunguza mwendo.

Jicho lenyewe, daktari bado hajasema kama litaona. Siandiki hapa kwamba mambo yamekwisha.

Nyandeng alinipeleka hotelini kwake, akanikalisha nyuma karibu na jiko, akanipa chai ya maziwa.

"Akai, wewe koo yako imekufa," akasema. "Ulikuja kufanya nini huku?"

Nikainua mabega.

"Nani alikuambia ukinyamaza Kakuma itasimama? Umeona imesimama?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya. Daktari amesema nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono: kisu, kisha kidole midomoni. Akanitazama, akiwa ameshika kiuno.

"Na wewe unaogopa."

Machozi yalinitoka hapo, bila sauti, kwa sababu hata kilio hakikuwa na sauti. Hakunipa pole. Alivuta kiti akakaa, na kwa mtu kama Nyandeng, saa ya wateja, hiyo ni zaidi ya pole. Mteja akaita, akamjibu, "Jihudumie mwenyewe, mikono unayo!" Akaendelea kukaa.

"Mimi nilikuwa nauza nguo Juba," akasema baadaye. "Kabla ya hapo nilichunga ng'ombe wa baba. Hapa nilisuka nywele, nikauza samaki, sasa chai. Kila mara nilifikiri hii ikiisha mimi nimeisha. Malesh, si neno. Bado niko. Kunywa chai."

Nikanywa.

Basi, dada yangu wa chuo, jibu lako ni hili, nalo si kubwa. Hakuna mahali maalum pa kuanzia. Mimi nilianzia palipokuwa na uji. Fanya kazi iliyo mbele yako kwa moyo, na ikija nyingine usiiogope. Lakini usifanye kosa la kudhani dunia imekaa juu ya shingo yako. Kazi nzuri hulewesha. Nimefanya kazi nzuri nyingi, na nimezilewa zote, na leo mwili umenidai usingizi wangu. Sijutii hata moja. Nimechoka tu, na nadhani vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Njiani nikirudi, mtandao uliposhika, nilimwandikia meneja wa redio kwamba nasimama kwa muda, na kipindi ampe yule dada anayesoma habari za michezo. Ana sauti nzuri, na akikosea huwa anacheka mwenyewe. Kisha nikamwandikia Nakiru: Nakuja Jumapili. Panga na daktari.

Nimeacha kuandika hapa kwa muda, simu imeita.

Ni yeye. Nakiru haandiki, yeye hupiga. Nilipokea nikaweka sikioni.

"Mama, nimesoma. Nimeshaongea nao hospitali. Usijibu! Najua huwezi. Chifu amempigia mjomba, mjomba amenipigia mimi."

Kwa kawaida hapa ndipo ningeshika usukani. Umekula? Kanisani ulienda? Kazini vipi? Na kabla hajajibu ningekuwa nimeshampa ushauri. Leo nilikaa tu, maji ya beseni yamepoa, nikamsikiliza akipumua.

"Sasa kwa vile huwezi kunikatiza," akasema, na nikasikia anacheka kidogo, "kuna kitu nataka kukuambia tangu Krismasi. Uhasibu umenishinda, Mama. Si kwamba siujui, naujua. Lakini jioni nikitoka nahisi kama nimefungwa kwenye gunia. Kuna mafundi wa sola jirani na ofisi yetu. Nimekuwa nikienda kwao Jumamosi. Nimefunga paneli na mikono yangu, ikawaka. Nataka kwenda kusomea hiyo. Niliogopa kukuambia, vile ulisimama kanisani na cheti changu..."

Upepo ulikuwa unapiga mabati. Nilikuwa na maneno mengi, na karibu yote yalikuwa ya kumuuliza ana uhakika gani.

"Mama? Bado uko hapo?"

Nikagonga simu kwa ukucha.

"Haya, basi sikiliza," akasema, na akaendelea.